Nuray amekamilika, msimulizi ni Samet

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni filamu gani ya kigeni iliyokuonyesha mwanamke aliye mtu kamili, si pambo wala mhanga tu?" Jibu langu ni Kuru Otlar Üstüne, yaani "Kuhusu Majani Makavu", ya Nuri Bilge Ceylan wa Uturuki, iliyotoka 2023. Ila nina kinyongo nayo, na nitakisema.

Wengi wetu Uturuki tunaijua kwa tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili: jumba la kifahari, mama mkwe mkali, binti maskini mwenye machozi ya karibu. Humu hakuna jumba. Kuna theluji, shule ya kijijini mashariki mwa Anatolia, upande wa Asia wa nchi hiyo, na mwalimu wa sanaa aitwaye Samet anayehesabu siku apate uhamisho kwenda Istanbul. Inachukua saa tatu na robo na ushee, kwa hiyo chai iwe chupa nzima.

Mimi ni mwalimu, na kituo changu cha kwanza kilikuwa mbali na lami. Labda ndiyo maana kilichonishika mapema ni kioo kidogo cha mkononi ambacho Samet anampa zawadi Sevim, mwanafunzi wake kipenzi. Zawadi ndogo, tabasamu, mlango wa ofisi. Siku mabegi ya wanafunzi yanapopekuliwa, barua ya mapenzi inakutwa kwenye vitu vya Sevim na kuishia mikononi mwa Samet. Binti anakuja kuidai. Samet anamwambia ameshaichana, na barua bado anayo. Baadaye malalamiko yanafika kwa wakubwa: walimu wawili, Samet na mwenzake Kenan, wanawazoea wanafunzi kupita mipaka. Kuanzia hapo yule mwalimu mpole anageuka mbogo, anawatangazia watoto darasani kwamba hakuna msanii atakayetoka kwao, watalima viazi tu. Nimekaa kwenye ofisi za walimu miaka mingi. Kisirani cha aina hiyo nakifahamu.

Nuray ni mwalimu wa Kiingereza mjini, amepoteza mguu katika shambulio la bomu. Nikakumbuka Ankara, mji mkuu wa Uturuki, Oktoba 2015, mabomu yalipoua watu zaidi ya 100 waliokusanyika kwa maandamano ya amani. Mwandishi mvivu angemfanya Nuray alie, kisha aje mwanamume amfute machozi. Hapa Nuray anamkaribisha Samet chakula cha jioni, na wanabishana, tena kwa kirefu: mtu mmoja ana wajibu gani kwa wenziwe? Kila Samet anapojificha nyuma ya uchovu na dharau, Nuray anamfuata hukohuko. Mguu wa bandia upo, unaonekana, ila kwenye mjadala ule hautumiki kuomba huruma. Anamtamani nani na kwa nini, ni shauri lake.

Halafu linatokea la ajabu. Kabla hawajalala pamoja, Samet anafungua mlango, na mlango unamtoa nje ya filamu! Anapita katikati ya mafundi na mitambo ya studio, anameza kidonge, anarudi. Wapo waliosifu ubunifu huo. Mimi niliona kwamba hata pale Nuray alipokuwa amevua silaha zote, kamera iliondoka naye Samet.

Hicho ndicho kinyongo changu. Ebru Ceylan, mke wa mwongozaji, ni mmoja wa waandishi watatu, na nadhani ukali wa Nuray una mkono wa mwanamke ndani yake. Lakini macho tunayoazimwa ni ya Samet. Wanakijiji nao, katika eneo lenye Wakurdi wengi, tunawapata katika picha za mnato alizopiga yeye: wamesimama kwenye baridi, wanatutazama, kimya.

Merve Dizdar aliyeigiza Nuray alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mturuki wa kwanza kuipata. Ilikuwa tarehe 27 Mei 2023, kesho yake Waturuki wakirudi kwenye duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Jukwaani aliwataja wanawake wanaopambana, na wanasiasa wa chama tawala wakamjia juu. Si ajabu. Nchi hiyo ilikuwa ya kwanza kuridhia Mkataba wa Istanbul dhidi ya ukatili kwa wanawake, 2012, na mwaka 2021 ikajitoa.

Mwishoni theluji imeyeyuka, majani yamekauka kuwa manjano, na sauti tunayoisikia bado ni ya Samet, akimwaza Sevim. Nuray nimempata kamili, namshukuru mwongozaji. Kwa Sevim bado namdai: dakika kumi tu akiwa nyumbani kwao, mwalimu akiwa hayupo.