Kupokea kwa Mikono Miwili: Maswali Yenu Kuhusu Kuishi na Wakorea

Muhula mpya wa vyuo vya Korea Kusini huanza mwezi Machi, na kila mwaka wakati huo mimi hupokea maswali kutoka kwa wanafunzi, wafanyakazi na wenza wa ndoa waliofika huku wakiwa hawajui lipi ni kosa na lipi ni adabu. Nimechagua matano yaliyonigusa.

Nina wiki tatu tu hapa Daejeon, na karibu kila Mkorea ninayekutana naye huniuliza umri wangu kabla hajauliza natoka nchi gani. Huu si utovu wa adabu?

La, anayekuuliza anatafuta namna ya kukuheshimu. Katika Kikorea kitenzi hubadilika kulingana na anayeambiwa, kwa hiyo mtu asiyejua umri wako hajui aseme nawe vipi. Chukua swali la kila siku la kujuliana hali, yaani "Umekula?" Kwa rafiki wa rika lako utasema *bap meogeosseo*; kwa mtu usiyemzoea utaongeza *yo* mwishoni; na kwa babu au bibi hata neno la chakula na kitenzi cha kula hubadilika, likawa *jinji deusyeosseoyo*. Sisi tunaotoa shikamoo tunalielewa jambo hili kuliko wageni wengi, kwa sababu nasi humpima mtu umri kwanza kabla ya kufungua kinywa. Tofauti ni kwamba sisi tunapima kwa macho, wao wanauliza.

Tena kwao mwaka mmoja ni mwingi. Rafiki aliyekuzidi mwaka mmoja hutakiwi kumtaja kwa jina tupu, bali kwa neno la undugu. Mwanamume humwita kaka yake *hyeong* na dada yake *nuna*, ilhali mwanamke husema *oppa* na *eonni*. Ninakushauri ujibu kwa kutaja mwaka uliozaliwa, kwa mfano "mimi ni wa 1998", maana hesabu ya miaka yenyewe imekuwa na mkanganyiko. Kwa desturi ya zamani mtoto alihesabiwa ana mwaka mmoja siku anayozaliwa, kisha akaongezewa mwingine kila tarehe 1 Januari, hivi kwamba aliyezaliwa tarehe 31 Desemba alikuwa na miaka miwili kesho yake. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2023 iliweka umri wa kimataifa kuwa ndio wa shughuli rasmi, lakini katika mazungumzo bado utasikia hesabu zote mbili.

Jirani yangu mzee tunapanda naye lifti kila asubuhi. Namsalimu, yeye anainamisha kichwa kidogo tu na kutazama namba za ghorofa. Nimemkosea nini?

Hujamkosea kitu. Kwetu salamu ni mazungumzo kamili: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na anayeikatiza huonekana ana neno moyoni. Hapa, baina ya watu wasiozoeana, kule kuinamisha kichwa ndiko salamu yenyewe, na imetimia.

Nakiri kwamba jambo hili liliniumiza sana mwaka wangu wa kwanza. Kisha mwishoni mwa Novemba, majira ambayo familia hukusanyika kutengeneza kimchi, yaani mboga zilizochachushwa, ya kuvukia baridi, desturi iitwayo *kimjang* ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2013 kuwa urithi wa binadamu, nilikuta mlangoni kopo la plastiki lililofungwa vizuri kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na kimchi iliyotengenezwa siku ile, kabichi bado inakwaruza meno, pilipili nyekundu imeingia hadi kwenye mikunjo ya majani. Aliyeniachia ni mama wa mlango wa pili, ambaye tulikuwa hatujawahi kusemezana. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, basi nilikirudisha na mandazi. Mama yule, aliyenizidi umri maradufu, alikipokea kwa mikono miwili, na hapo msemo wetu niliuona kwa macho. Nawe unapompa au kupokea kutoka kwa mkubwa, tumia mikono yote miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika kwa chini.

Mkuu wangu wa kazi amefiwa na baba yake, na wenzangu wamenitumia anwani ya hospitali. Nifanye nini huko?

Nenda, tafadhali, hata kama Kikorea chako ni haba. Hospitali kubwa huwa na kumbi za msiba, na shughuli kwa kawaida huchukua siku tatu. Vaa nguo nyeusi. Rambirambi hutiwa katika bahasha nyeupe, jina lako likiandikwa nyuma, na huandikwa daftarini mlangoni kama tunavyofanya sisi, kwa sababu nao watakuja kukurudishia siku yako. Kiasi huanza na tarakimu isiyogawanyika kwa mbili, yaani won 30,000, 50,000 au 70,000, na baada ya hapo 100,000.

Ndani utakuta picha ya marehemu kati ya maua meupe. Waombolezaji huweka ua au kufukiza ubani, husujudu mara mbili mbele ya picha, kisha mara moja kwa wafiwa. Ikiwa dini yako haikuruhusu kusujudu, simama kimya na uinamishe kichwa, hakuna atakayekulaumu. Baada ya hapo utaketishwa ule, aghalabu mchuzi mwekundu wa nyama ya ng'ombe uitwao *yukgaejang*. Usikimbie chakula hicho, kwani kukaa nao ndiko kuwafariji. Ila usigonganishe glasi na mtu yeyote.

Vijiti vya chuma vinanishinda. Ninaweza kula wali kwa kijiko?

Unaweza, na Wakorea wenyewe hufanya hivyo. Vijiti ni vya vitoweo. Bakuli libaki mezani, mkubwa aanze kula kwanza, na usisimamishe vijiti katika wali, kwa kuwa hivyo ndivyo mizimu ya wazee inavyotengewa chakula.

Nimeoa Mkorea. Akiongea na wenzake huniita *uri nampyeon*, na nilipotafsiri neno kwa neno nikapata "mume wetu". Wetu na nani?

Tulia, ndugu yangu. *Uri* ni "yetu", na Mkorea husema mama yetu, nyumba yetu, nchi yetu hata akiwa peke yake, kama vile wewe unavyosema "kwetu" ilhali unaishi chumba kimoja. Mkeo atabaki na jina la ukoo wa baba yake baada ya ndoa, lakini mkijaliwa mtoto majirani wataanza kumwita "mama fulani" kwa jina la mtoto huyo, jambo ambalo halitakuwa geni kwako. Neno la kulisubiri ni *uri sawi*, mkwe wetu. Siku mama mkwe atakapokutambulisha hivyo kwa majirani zake, mwinamie vizuri, kwa kuwa atakuwa amekuhesabu ndani ya hiyo "yetu".