Unga mweusi chini ya kapulingi

Jetiski, ile pikipiki ya majini, ya kwanza niliyoirudishia injini kwa mikono yangu ilikwenda vizuri mchana mmoja tu. Injini nilikuwa nimeifunga kwa uangalifu: pistoni mpya, silinda zimechongwa, kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, imepimwa. Siku ya pili ikaanza kutetemeka. Nilipotoa kiti nikakuta unga mweusi umetapakaa chini, kama mtu kasaga mkaa humo ndani. Ulikuwa mpira wa katikati ya kapulingi, ule unaounganisha kranki na shafti ya pampu inayosukuma maji ili jetiski iende, umesagika wote. Injini haikuwa na kosa lolote. Aliyekosea ni aliyeiweka.

Tangu hapo, kwa wanaoanza kazi hii husema machache kuhusu kufunga injini mezani na mengi kuhusu kuirudisha. Mezani una mwanga, una nafasi, unaizungukia injini unavyotaka. Ndani ya jetiski unafanya kazi kupitia tundu la kiti, spana inazunguka robo ya robo, na nusu ya boliti huzioni, unazipapasa. Hapa naongelea injini za tu-stroki, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, ndizo nilizozizoea.

Kabla hujaishusha, jiulize injini ilikufa na nini kabla hujaitengeneza. Injini hainoki, yaani haikwami, bila sababu. Kama kabureta ilikuwa inainyima petroli, au sili ya kranki inavuta hewa, au hosi ya oili imechomoka, pistoni mpya zitakutana na adui yuleyule. Mimi huipima ingali mezani: naziba njia za kuingizia na kutolea, najaza hewa kidogo, presha kama psi 8, kisha napaka maji ya sabuni kwenye maungio na kuiacha dakika kadhaa. Mshale wa geji ukishuka, hiyo injini haiendi popote. Zikague na hosi za petroli. Jetiski nyingi za Sea-Doo za miaka ya 1990 zilitoka na hosi za kijivu ambazo huoza kwa ndani na kutoa utelezi wa kijani unaoziba vichujio vidogo vya kabureta. Ukizikuta, toa zote, hata ile inayoonekana nzima.

Halafu fikiria mpangilio. Kuna vitu lazima vifungwe injini ikiwa nje kwa sababu ikishakaa mkono haufiki: stata (mota ya kuwashia), waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri), hosi za chini. Kuna mabodi ambayo silensa lazima itangulie kuingia, na mengine bomba la moshi haliingii mpaka injini isogezwe mbele. Kama uliifungua wewe na ulipiga picha, utajishukuru. Kama ilikuja kwako tayari imefunguliwa, jaribu kuviweka vyote bila kukaza kitu, uone kipi kinamzuia mwenzake. Niliwahi kuitoa injini nzima tena kwa ajili ya boliti moja ya stata. Moja!

Usiinyanyue kwa mikono huku umeinama. Hata ya silinda mbili ni mzigo wa kuvunja mgongo, na ikiponyoka inapasua bodi. Tumia cheni bloku, funika kingo za tundu kwa blanketi kuukuu, uishushe taratibu huku mwenzako akiielekeza. Tandaza kitambaa chini pia, maana washa za chuma kisichoshika kutu nyingi hazinaswi na sumaku. Ikidondokea kwenye kona utaitafuta kwa vidole mpaka uchoke.

Sasa tufike kwenye kapulingi.

Injini inakaa juu ya maunti za mpira, na chini ya maunti mara nyingi kuna vipande vyembamba vya bati, shimu, vyenye unene tofauti. Watu huviona kama takataka, huvikusanya kwenye kopo moja. Lakini vile ndivyo vinavyoiweka kranki kwenye mstari mmoja na shafti ya pampu. Kila shimu ina mahali pake, kwa hiyo unapoitoa injini zifunge pamoja na maunti yake na uandike: mbele kushoto, nyuma kulia. Maunti ikiwa imechoka na kubonyea, ibadilishe kabla hujaanza kulinganisha, siyo baadaye, kwa sababu mpya itaipandisha injini na hesabu yote itavurugika.

Kwa kapulingi za vipande viwili vyenye mpira katikati, naweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya vipande vyote viwili, kisha pembeni, nikitazama mwanga unaopita chini ya rula. Mwanga ukionekana, injini iko juu au chini, kushoto au kulia. Baada ya hapo napima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, nafasi iliyo kati ya vipande hivyo, juu, chini na pande zote mbili. Nafasi ikiwa kubwa juu kuliko chini, injini imeinama, hata kama rula imesema kila kitu ni sawa. Sea-Doo nyingi za zamani zina shafti ya meno inayoingia nyuma ya injini, na kwa hizo kuna chombo maalumu, fimbo ya kulinganishia, inayopitishwa kutokea upande wa pampu. Azima au nunua, usikisie kwa jicho. Vipimo vyenyewe vimo kwenye kitabu cha modeli yako, na hapo usimsikilize mtu, hata mimi.

Ukishapata mstari, kaza boliti za maunti kidogo kidogo, kwa kubadilishana, halafu pima tena. Kukaza kwenyewe kunaisogeza injini. Zile nati zilizozikwa kwenye bodi la faiba hazipendi nguvu pia. Ukizidisha huanza kuzunguka zenyewe, na hapo umejitafutia kazi nyingine ya wiki nzima.

Bomba la moshi linafuata, na linafuata kweli, yaani baada ya mstari kupatikana. Bomba hili lina maji ndani ya kuta zake, na mbele kidogo maji huchanganywa na moshi wenyewe. Ndiyo sababu linaweza kuunganishwa kwa hosi za mpira bila kuungua. Angalia hosi zako kwa ndani: zikiwa zimebabuka, jua injini iliwahi kukosa maji, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kifo uliyokuwa unaitafuta. Puliza kila tundu la maji ujue linatokea wapi. Mchanga na chumvi hukaa humo. Ila ukikuta kiungio chenye kitundu kidogo ndani, usikipanue ukidhani kimeziba. Kimewekwa makusudi kupunguza maji.

Gasketi iwe mpya, ikae kavu, na nyuso zote mbili zisafishwe mpaka zing'ae. Silikoni usiweke, kipande kikibanduka kinakwenda kuziba njia ya maji. Ingiza boliti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Ikibidi uvute bomba kwa nondo ili boliti iingie, simama. Bomba hilo likikazwa hivyo litakuwa linaivuta manifoldi, kipande kinacholiunganisha na silinda, muda wote, na gasketi itavuja au masikio ya boliti yatapasuka. Legeza mabano, liache litulie lenyewe, kisha kaza manifoldi kuanzia katikati kwenda pembeni, mizunguko miwili au mitatu, kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Moshi ukivuja ndani ya bodi, injini inavuta moshi wake badala ya hewa, inakosa nguvu, na utahangaika na kabureta wiki nzima bure.

Halafu rudi kwenye kapulingi na upime tena. Hili nililijua kwa kuchelewa: bomba likishakazwa linaweza kuivuta injini kando. Ile jetiski yangu ya kwanza niliipima vizuri kabisa, kabla ya kufunga bomba.

Pampu ya oili toa hewa mpaka oili itiririke bila mapovu, na tangi la kwanza la petroli changanya na oili pia, mimi hutumia petroli 50 kwa oili 1. Moshi utakuwa mwingi, uvumilie.

Kabla ya kuwasha, acha kiti wazi muda mrefu. Mvuke wa petroli hukaa chini na cheche moja inatosha, kwa hiyo nusa kwanza. Ukizungusha injini plagi zikiwa nje, nyaya zake ziguse ethi. Ukiijaribu nchi kavu kwa maji ya hosi ya bustani, injini inatangulia, maji yanafuata mara moja. Ukizima, funga maji kwanza, halafu injini. Ukigeuza mpangilio huo, maji yasiyosukumwa na moshi hurudi nyuma mpaka kwenye silinda. Bila maji, usizidishe sekunde 15.

Majini, kwanza hakikisha vizibo vya nyuma, vya kutolea maji ya ndani ya bodi, vimefungwa. Kila fundi amewahi kuvisahau mara moja. Iache imefungwa kwenye trela, kiti kikiwa nje, umulike kwa tochi penye sili ya shafti na kila klipu. Usipige resi maji yakiwa ya magotini, pampu itavuta mchanga. Tangi la kwanza ibadilishe kasi mara kwa mara, bila kuibana hadi mwisho.

Ikipoa, nakaza upya boliti zilizotajwa kitabuni, kisha nafuta chini ya kapulingi kwa kitambaa cheupe. Kikirudi cheusi, nalegeza bomba na kutoa rula.