Bakteria wa kusafisha maji ya ardhini: usiulize TCE tu, uliza na etheni

Mkuu, umeuliza kama bakteria wanaweza kweli kusafisha maji ya ardhini hapo mtaani kwenu palipokuwa na drai klina, au kampuni inawapiga changa la macho. Mimi huku Texas ni fundi wa kuchukua sampuli, ndiyo kazi inayonilipia kodi. Wanaweza, ila masharti yao ni magumu.

Dawa ya drai klina (PCE) na ile ya kutoa grisi kwenye vyuma (TCE) ni nzito kuliko maji. Zinazama na kujibanza chini. Utavuta maji kwa pampu miaka na miaka, bado zipo. Bakteria waitwao Dehalococcoides wanazitumia kama sisi tunavyotumia oksijeni. Wanang'oa klorini moja baada ya nyingine: PCE inakuwa TCE, kisha DCE, kisha kloridi ya vinili, mwisho etheni, gesi ileile ya kuivishia ndizi. Chakula chao ni haidrojeni, ndiyo maana tunasukumia ardhini mafuta ya soya yaliyokorogwa na maji, meupe pee. Bakteria wengine wanayachachusha na haidrojeni inatoka. Hewa ni sumu kwao. Mtungi wao wa chuma ukifika hatuufungui kuchungulia, tunawasukuma kwa naitrojeni hadi kisimani. Maji yakianza kunuka yai viza, mimi nafurahi: oksijeni imekwisha.

Sasa kuweni macho. Bakteria wengi wanajua kufika DCE tu, wanaishia hapo. Wengine wanafika kloridi ya vinili na kukwama, nayo inasababisha saratani. Kiwango chake cha juu kinachoruhusiwa Marekani kwenye maji ya kunywa ni maikrogramu 2 kwa lita, wakati TCE ni 5. Kwa hiyo TCE inaweza kupotea kwenye ripoti huku maji yamekuwa mabaya zaidi. Kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga ya Kelly, San Antonio, chakula peke yake kiliwafikisha DCE; walipoongeza bakteria waliotoka Kanada ndipo etheni ikaonekana.

Dai vipimo vya vinili, etheni na pH (kipimo cha uasidi wa maji). pH ikishuka chini ya 6, hawa jamaa wanagoma. Na mvuke wa dawa hizi unaopenya sakafuni ni suala jingine: dai hewa ya ndani ya nyumba ipimwe pia.