Tamasha la Beyoncé nyumbani: lina raha?

Dada, umeuliza kama Homecoming, filamu ya tamasha la Beyoncé, inafaa kutazamwa sebuleni au ni kujipotezea jioni. Itazame, tena wiki hii! Ila usitegemee spika za runinga. Zile ndogo za nyuma zinameza besi, na pale ngoma na matarumbeta ndiyo roho ya kazi yenyewe. Unganisha wufa, ile spika ya besi. Kama unaishi ghorofani huku Nairobi, punguza sauti usije ukagombana na jirani, au vaa hedifoni nzuri. Hata mimi naona hedifoni zinashinda, unasikia hadi miguu ikigonga jukwaa.

Kitu cha kuangalia kwa makini: ilirekodiwa Coachella, tamasha la muziki la California, mwaka 2018, wikendi mbili, kisha ikatolewa Netflix 2019. Wikendi moja Beyoncé na wenzake walivaa manjano, nyingine waridi. Utaona Beyoncé yuko katikati ya hatua ya kucheza, mara rangi inageuka na mwili haujapoteza hata pigo moja. Hapo ndipo unajua mazoezi ni nini. Na wale wapigaji waliojipanga kwenye ngazi kama piramidi wanaiga bendi za vyuo vikuu vya Waafrika wa Marekani, kwa hivyo usiangalie yeye tu.

Inazidi saa mbili kidogo. Mtandao ukiwa unasuasua jioni, ipakue mchana. Na tafadhali, usiitazame vipande vipande ukipika. Nyimbo zimeungana, ukikata unavunja mtiririko wote.