Mwanangu, hapo kompyuta haitakusaidia

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema bosi kakuzungushia kalamu nyekundu neno "principle" katika barua ya mteja wa mkopo, ilhali kompyuta haikupiga mstari wowote, na unauliza kosa liko wapi.

"Principle" ni neno halali na limeandikwa sawasawa, ndiyo maana kompyuta ikakaa kimya. Maana yake ni kanuni. Wewe ulitaka "principal", yaani fedha yenyewe iliyokopwa kabla ya riba. Mkuu wa chuo naye huitwa hivyo hivyo. Matamshi hayapishani hata chembe. Sisi tumezoea kuandika tunachokisikia, lakini kwa Kiingereza sikio ni shahidi wa uongo.

Chanzo ni cha zamani. William Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza, alipoanza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, watu bado walikuwa wakiitamka ile k ya "knight", na gh yake ilikwaruza karibu na kh yetu ya "kheri". Ndimi zikaziacha sauti hizo, maandishi yakabaki nazo. Leo askari wa farasi na usiku, "knight" na "night", sikioni ni kitu kimoja.

Kwa hiyo uliza neno linafanya kazi gani. "Its" na "it's" zinawaumbua hata Waingereza wenyewe. Pale penye shaka soma "it is" au "it has". Ukiandika "the bank and its customers", jaribu "the bank and it is customers": haisomeki, basi ile alama ya juu iondoe. "Your" na "you're" zipime vivyo hivyo. "Affect" mara nyingi ni kitenzi, kuathiri. "Effect" ni athari yenyewe.

Lakini linaloniudhi mimi ni letu wenyewe. Vokali zetu ni tano tu, basi "live" na "leave" tunazitamka sawa, kisha tunaziandika sawa. Mtu anajaza fomu ya kazi, "I leave in Tanga", kumbe anaishi Tanga. Msomaji anaelewa kuwa anahama. Kwa neno hili pia kompyuta haitamwonya.

Barua ijayo nitumie kwanza niipitie, kabla haijafika kwa bosi. Mama yako anakusalimu, anauliza Idi unakuja au huji.

Baba yako