Sikukosa Muda, Niliogopa

Kwa miaka 11 boksi langu la vifaa vya kuchorea lilikaa juu ya kabati la nguo. Ndani yake mna penseli 12, laini kwa ngumu, rangi za maji, brashi tatu na daftari la karatasi nzito. Katika miaka hiyo nilihama nyumba mara nne, na kila nilipohama nalo lilihama. Nalifuta vumbi, nalipandisha juu ya kabati jipya, najiambia mambo yakitulia nitaanza.

Ndoto yangu ilikuwa kuchora picha za vitabu vya watoto. Mtu akiniuliza kwa nini sijaanza, jibu nilikuwa nalo tayari: muda sina. Kazi, watoto, uchovu. Na nilikuwa nachoka kweli, si uongo. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu sana kugundua kwamba jibu lile halikuwa lenyewe.

Nililigundua hivi. Kazini nilikuwa nimelimbikiza siku za likizo mpaka nikaambiwa nizichukue zote kwa mkupuo mmoja. Wiki 5. Watoto wako shuleni kutwa nzima, nyumba kimya. Siku ya kwanza nikasafisha jiko. Siku ya pili nikapanga makabati upya, na katika kupanga huko nikalishusha boksi, nikalifuta vumbi, nikalirudisha. Wiki ya tatu nikawa napaka rangi mlango ambao haukuhitaji rangi. Siku ya mwisho ya likizo nilikaa kitandani nikalitazama lile boksi, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kujiambia. Muda nilipewa, na mikono ninayo. Kumbe siku zote hizo nilikuwa naogopa.

Kama na wewe una boksi lako, liwe biashara unayotaka kufungua, masomo uliyoyaachia njiani, kitabu ambacho hakijaandikwa au lugha unayotaka kujifunza, naomba kabla ya jambo lolote ujiulize swali hili na ulijibu ukiwa peke yako: ningepewa mwezi mzima, mapato yakiwa palepale, ningeanza siku ya kwanza? Kama jibu ni ndiyo bila kusita, basi kizuizi chako huenda ni cha nje kweli. Vizuizi vya namna hiyo vipo, na ni vizito. Asikudanganye mtu kwamba kila kitu ni fikra tu. Anayeuguza mzazi au anayefanya kazi mbili ili watoto wale hana tatizo la kutojiamini, ana mzigo. Lakini kama umesikia kitu kinakukaza kifuani, kama ulianza kuutafutia huo mwezi shughuli nyingine, basi tuko pamoja.

Kwanza niseme kuhusu neno uvivu, maana nilijiita mvivu kwa miaka na halikunisaidia hata chembe. Mvivu hapaki rangi mlango usiohitaji rangi. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, katika makala yao ya mwaka 2013, walieleza kuahirisha kama njia ya mtu kuituliza hisia mbaya ya wakati ule ule: kazi inanitia hofu, naikwepa, hofu inashuka, napumua. Niliposoma hilo nilijiona. Kila nilipolirudisha boksi juu ya kabati nilikuwa napumua. Ile pumzi ndogo ndiyo iliyonifunza kuahirisha tena kesho yake, na mtu akijifunza jambo kila siku kwa miaka 11 atalijua vizuri mno.

Sasa nilikuwa naogopa nini hasa? Hapa nilikaa muda mrefu, na ningekushauri na wewe ukae. Mwanzoni nilidhani naogopa kushindwa. Baadaye nikaona si hivyo tu. Ilimradi sijachora, mimi nilikuwa mchoraji mzuri. Picha zilizokuwa kichwani mwangu hazikuwa na kasoro: watoto wanacheka, mwanga unaingia dirishani, kila kitu kiko mahali pake. Siku nitakayoshika penseli, zile picha zitakufa, na mahali pake patakuwa na mchoro mmoja mbovu wenye jina langu. Nilikuwa nailinda ndoto isiguswe na mikono yangu mwenyewe.

Na kuota kwenyewe kuna raha yake, raha ambayo inaweza kutufanya tuone kama tumeshafika. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia aliyetafiti jambo hili kwa miaka mingi, aliwafuatilia pamoja na wenzake watu waliokuwa na matumaini ya mambo mbalimbali, wakiwemo wahitimu wa chuo waliokuwa wakitafuta kazi. Waliozama zaidi katika kujiona wameshafanikiwa ndio waliokuja kupata nafasi chache zaidi za kazi. Anachoshauri ni uitazame ndoto yako, kisha papo hapo ukitazame kizuizi kilichomo ndani yako, viwili hivyo vikae pamoja akilini. Mimi nilikuwa natazama upande mmoja tu. Nilikuwa nalala usiku nikiwa nimeshachapisha vitabu vitatu.

Kitu kingine nilichojificha nyuma yake ni methali. Haraka haraka haina baraka. Niliitumia vibaya, nakiri. Methali hiyo inamwonya anayekimbia, na mimi nilikuwa sijasimama hata kwa miguu. Iliyonifaa ilikuwa ile nyingine, ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hiyo sikutaka kuisikia. Lugha yetu ina methali kwa kila upande. Angalia ni ipi inayokujia mdomoni kwa urahisi, itakuonyesha unapojificha.

Baada ya likizo kuisha nilirudi kazini, na ajabu ni kwamba nilianza wakati huo, muda ukiwa umebana kama zamani. Sikuanza kwa hamasa. Hamasa nilishakuwa nayo mara nyingi, kila mwanzo wa mwaka, na haikuwahi kulishusha boksi. Nilianza kwa sentensi moja niliyoiandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika mlangoni mwa chumba: “Nikishamaliza kuosha vyombo vya usiku, nitakaa mezani na kuchora kitu kimoja kilicho mbele yangu kwa dakika 10.” Basi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, ile ya “likitokea hili, nitafanya lile”, na tafiti zake zilionyesha kwamba aliyefunga nia yake kwenye wakati na mahali mahususi huitekeleza zaidi kuliko aliyebaki na nia tupu. Kwangu faida ilikuwa kwamba uamuzi ulishafanyika. Vyombo vikiisha, sikuwa tena na mjadala wa kufanya na nafsi yangu, na mijadala ile ndiyo nilikuwa nashindwa kila siku.

Usiku wa kwanza naukumbuka wote. Nilichana plastiki ya daftari, ikatoa sauti kubwa kuliko nilivyotarajia. Nikachonga penseli, na mbao yake ilikuwa imekauka kiasi kwamba ncha ilikatika mara mbili. Nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya meza, kiganja juu, nikaanza kuuchora. Kidole gumba kilitoka kirefu kuliko cha shahada. Nilifuta, nikachora, nikafuta tena mpaka karatasi ikaanza kutoa manyoya pale palipofutwa. Uso ulinipanda joto kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu. Dakika 10 zilipoisha nilikuwa na mkono wa ajabu wenye kidole gumba kibaya, na nikiwa mzima. Ule mchoro mbovu nilioukimbia miaka yote ulikuwa umekuja, umelala mezani, na haukunifanya kitu.

Kwa maoni yangu hapo ndipo hofu inapopungua, si kabla. Nilikuwa nasubiri kujiamini kwanza ndipo nianze. Albert Bandura, aliyeandika nadharia yake kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake mwaka 1977, aliweka chanzo kikubwa cha imani hiyo kwenye jambo ambalo mtu mwenyewe amelifanya na kuliweza. Maneno ya kutia moyo yanasaidia, ila huja nyuma. Kwa hiyo anayekwambia “jiamini tu” anakupa mavuno kabla ya kupanda. Fanya kwanza, kidogo, kwa kiasi ambacho hofu haitashtuka. Mkono mmoja. Ukurasa mmoja. Simu moja.

Miezi ikapita. Kuna siku niliruka, na hili nitalisema upesi kwa sababu ni jepesi japo linaangusha wengi: siku moja iliyokosekana haibomoi kitu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Muda wa kati uliohitajika ulikuwa siku 66, lakini baadhi yao walihitaji siku 18 tu na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu maendeleo kwa kiasi cha maana. Kinachobomoa ni yale maneno tunayojisemea asubuhi yake: “Si nilisema mimi siwezi?” Watoto wangu waliwahi kuugua wote kwa pamoja nikaacha kuchora siku 16. Siku ya 17 niliosha vyombo, nikakaa mezani.

Kilichobaki kigumu ni watu.

Naomba nikae hapa kidogo, maana naamini ndoto nyingi zaidi hufia kwenye “watu watasema nini” kuliko mahali pengine popote. Nilikuwa na michoro zaidi ya 100 na hakuna aliyeiona hata mmoja. Sauti ya ndani iliniuliza: wewe ni nani hata ujiite mchoraji? Shule ya sanaa hujapita. Watakuja kugundua. Pauline Clance na Suzanne Imes waliielezea hali hii mwaka 1978 baada ya kufanya kazi na zaidi ya wanawake 150 waliokuwa wamefanikiwa sana katika masomo na kazi, wenye shahada na heshima zao, na bado kila mmoja ndani yake alihisi amewahadaa watu na siku moja atafichuliwa. Lililonigusa ni kwamba wale walishafika. Mafanikio hayakuinyamazisha ile sauti. Basi na mimi nikaacha kusubiri inyamaze. Siku hizi ikisema, naiacha iseme, penseli ikiwa mkononi.

Kuhusu macho ya watu, kuna jaribio moja la Thomas Gilovich na wenzake, lililochapishwa mwaka 2000, ambalo huwa nalikumbuka ninapoogopa. Wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki ambaye walimwonea haya, kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwa chumbani wameiona picha ile. Walioiona walikuwa karibu robo tu. Watu wanatutazama kidogo kuliko tunavyodhani, kwa sababu kila mmoja ameshughulika na fulana yake.

Hata hivyo sikushauri uanike ndoto changa mbele ya kila mtu. Mimi nilichagua mtu mmoja. Dada yangu mkubwa, si kwa sababu atanisifu, bali kwa sababu hana kawaida ya kusifu asichokipenda. Nilimpelekea daftari zima. Akafungua kurasa polepole, hasemi kitu, mpaka nikatamani kumnyang’anya. Akasimama kwenye picha ya mtoto anayefunga kamba za viatu.

“Huyu anafunga kweli,” akasema. “Hawa wengine wamesimama tu wanasubiri kuchorwa.”

Yalinichoma. Siku mbili sikushika penseli. Lakini alikuwa amenipa kitu ambacho miaka 11 ya kuota haikunipa: nilijua sasa ni kitu gani nifanye. Niwachore watoto wakiwa na shughuli. Ndoto iliyofichwa haipati sifa, ni sawa, lakini pia haipati sahihisho, na bila sahihisho haikui. Baadaye nilituma kazi zangu kwa mchapishaji mmoja, zikakataliwa kwa barua ya mistari miwili. Iliniuma, nikala chakula cha usiku, nikaosha vyombo, nikakaa mezani. Nilikuwa nimeshazoea kukaa pale, na barua haikuwa na nguvu ya kuniinua kwenye kiti.

Kitabu changu cha kwanza bado hakijatoka. Nakwambia hilo kwa sababu nisingependa usome haya ukidhani nakuandikia kutoka ng’ambo ya pili. Nipo mtoni na wewe. Ninayo hadithi fupi iliyoandikwa na rafiki yangu, yenye kurasa 24, na nimeshachora 9. Ukurasa wa 10 una msichana anayejaribu kufikia kitu kilichowekwa juu sana, amesimama kwa ncha za vidole, na kisigino cha kushoto kimenishinda tangu juzi. Boksi liko mezani na kifuniko chake kimeshapotea. Vyombo vimekwisha.