Re: Mwandishi gani wa magari wa zamani anastahili kukumbukwa?

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza nani kati ya waandishi wa magari wa zamani tumkumbuke. Mimi namtaja Denis Jenkinson wa jarida la Motor Sport, tena bila kusita.

Wenzake waliandika mbio wakiwa pembeni. Yeye aliingia garini. Mwaka 1955 alikaa ubavuni mwa dereva Stirling Moss katika Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia, Brescia hadi Roma na kurudi, kama kilomita 1,600. Kona na hatari za njiani alizinakili kwenye karatasi ndefu aliyoizungusha ndani ya kisanduku, na kwa kelele za injini akawa anampa Moss ishara za mkono. Mercedes-Benz yao ilipewa namba 722 kwa sababu iliondoka saa 1:22 asubuhi, yaani 7:22 kwa saa ya Kizungu. Walishinda kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Kisha akakaa akayaandika yote.

Marehemu ami yangu, fundi wa Ng'ambo, Unguja, alikuwa na bunda la majarida chini ya meza ya spana, kurasa zimejaa alama za vidole vya grisi. Humo ndimo nilimomjulia Jenkinson. Ukiipata makala yake ya mbio zile, isome polepole.